Chumvi, Mvinyo na Uwezo wa Kungoja: Meza ya Kisicilia mbele ya Filamu "La terra trema"

Imekuwa desturi katika nchi nyingi, kwa watu wapendao sinema na chakula, kuchagua kinywaji na mlo vya kwenda sambamba na filamu. Mchaguzi hutazama filamu imetoka wapi, akatafuta mvinyo wa upande huo, akaongeza sahani moja au mbili, kisha akatangaza kwamba vitu hivyo vitatu vimeoana. Wasomi aghalabu hulidharau jambo hili, wakiliona kuwa ni mchezo wa walioshiba. Katika makala haya nakusudia kulitetea, lakini kwa sharti. Nasema kwamba kuoanisha ni kulinganisha, na kulinganisha ni kazi ya mhakiki tangu zamani. Basi anayeoanisha mvinyo na filamu ni mhakiki, apende asipende, na yapasa apimwe kwa kipimo kile kile apimiwacho mhakiki wa mashairi. Kipimo chenyewe ni hiki: je, baada ya kuviweka vitu hivi pamoja, twakifahamu kila kimoja zaidi kuliko kilipokuwa peke yake? Ikiwa jibu ni la, meza imepambwa, na filamu imekuwa kitambaa cha meza hiyo.

Mfano nitakaouchambua una vitu vitatu vya pwani moja ya Sicilia. Cha kwanza ni filamu ya Luchino Visconti iitwayo La terra trema, yaani "ardhi inatetemeka", iliyotolewa mwaka 1948. Cha pili ni dagaa wa kutiwa chumvi wa ghuba ya Catania, walio wa jamaa moja na wale ambao Unguja huitwa dagaa mchele. Cha tatu ni mvinyo mweupe, mkavu, wenye uchachu mwingi, utengenezwao kwa zabibu ziitwazo Carricante katika miteremko ya mashariki ya mlima Etna. Ukaribu wa mahali peke yake si hoja. Vitu vyaweza kutoka kijiji kimoja na visiambiane neno. Nitajaribu kuonyesha kwamba vitatu hivi vinaambiana, na kwamba mazungumzo yao ni juu ya neno moja, nalo ni kungoja.

Tuanze na filamu. Visconti alikwenda Aci Trezza, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Catania, akawatumia wanakijiji wenyewe mahali pa waigizaji wa kazi, nao wakasema kwa lahaja yao. Kijana 'Ntoni Valastro, ambaye baba yake amekufa baharini, anaona kwamba kila alfajiri samaki waliovuliwa kwa jasho la usiku kucha hununuliwa kwa bei waipangayo wanunuzi wa jumla. Siku moja anaikamata mizani ya wanunuzi na kuitupa baharini. Ghasia inazuka, vijana wanatiwa mbaroni. Kisha wanunuzi wale wale wanafanya mpango wafunguliwe, kwa maana bila mikono ya vijana hakuna samaki. Kutokana na huruma hiyo yenye hesabu ndani yake, 'Ntoni anajifunza kwamba tajiri anamhitaji mvuvi. Anawashawishi jamaa zake waweke nyumba rehani, wapate fedha za kujitegemea.

Mwanzoni bahari inawatendea wema. Dagaa wanapatikana kwa wingi, chumvi inanunuliwa, na nyumba nzima, wake kwa waume, inashughulika kuwapanga dagaa katika mapipa. Halafu dhoruba inaivunja mashua. Pasipo mashua hakuna kazi, na deni halilali. Wanunuzi wanakuja kuyatazama mapipa, wanataja bei ya chini, na familia, baada ya kugoma, inauza kwa bei hiyo hiyo. Benki inaitwaa nyumba. Ndugu mmoja anaondoka na mgeni asiyejulikana kwao, dada mmoja anavunjiwa heshima na mkubwa wa askari wa forodha, babu anapelekwa hospitali. Mwishowe 'Ntoni anarudi kwa wanunuzi na nguo zilizochakaa, pamoja na wadogo zake wawili, kuomba kazi huku wakimcheka.

Filamu hii ina asili katika riwaya ya Giovanni Verga, I Malavoglia, iliyotolewa mwaka 1881. Wahakiki wengi wamesema juu ya yale aliyoyahifadhi Visconti: kijiji, jina la 'Ntoni, nyumba inayopotea, fahari ya jamaa inayovunjika. Mimi naona badiliko moja lina uzito kuliko yote yaliyohifadhiwa. Katika riwaya, jamaa ya Malavoglia wanakopa shehena ya mbegu za lupini ili wakaiuze, na bahari inaimeza pamoja na baba aliyeisafirisha. Tena mbegu hizo zilikuwa zimekwisha kuharibika zilipouzwa kwa mkopo. Visconti ameziondoa lupini na kuweka dagaa wa chumvi. Shehena ya Verga imeoza na kuzama. Shehena ya Visconti i salama nyumbani, imefungwa katika mapipa, haina doa. Bahari imechukua mashua, haikuchukua mali. Hata hivyo familia inaangamia sawasawa na ile ya kwanza. Katika riwaya iliyooza ni bidhaa. Katika filamu bidhaa imehifadhiwa kwa ustadi, na kilichooza ni bei.

Hapo ndipo dagaa waliomo sahanini wanapoanza kusema. Chumvi ni kitu gani katika maisha ya mvuvi? Chumvi ni muda. Samaki mbichi ana saa chache tu. Jua likipanda, mwenye samaki hushuka. Mnunuzi hana haja ya kutumia nguvu wala hila. Inatosha asimame ufuoni akitazama saa. Mvuvi mwenye chumvi na mapipa amenunua miezi mahali pa saa. Huondolewa vichwa dagaa wale, wakapangwa tabaka juu ya tabaka, chumvi katikati, jiwe zito likawekwa juu, na kadiri siku zinavyopita nyama yao hugeuka nyekundu na kupata ladha nzito isiyokuwamo walipokuwa wabichi. 'Ntoni anapotia chumvi samaki wake anajaribu kuutwaa uwezo ambao mpaka siku hiyo ulikuwa wa wanunuzi, uwezo wa kusema: sitauza leo. Furaha ya kazi ile, ambayo ni karibu sikukuu ya pekee katika filamu nzima, ndiyo furaha ya watu walioonja kungoja kwa hiari yao.

Lakini chumvi huzuia samaki asioze. Haizuii njaa wala riba. Wanunuzi nao wanajua kungoja, tena wanangoja huku wamekula. Hii ndiyo hoja ya filamu, nayo haisemwi na mtu yeyote kwa maneno makubwa. Inaonekana katika picha ile mashuhuri ya wanawake waliojifunika nguo nyeusi, wamesimama juu ya miamba wakiitazama bahari siku ya dhoruba. Kuna kungoja kwa mwenye ghala na kuna kungoja kwa wanawake wale, na lugha yetu huyaita yote mawili kwa neno moja. Filamu inatutenganishia maana.

Sasa mvinyo. Mzabibu wa Carricante hupandwa hasa upande wa mashariki wa Etna, mlima wa moto wenye kimo cha zaidi ya mita 3,300, katika matuta yaliyojengwa kwa mawe meusi ya volkano. Mji mdogo wa Milo, ambao mashamba yake mengi yapo mita 700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, unatazamana na Bahari ya Ionia, ile ile ya wavuvi wa Aci Trezza. Jina la zabibu hii, kama lielezwavyo kwa kawaida, latokana na neno la Kisicilia la kupakia mzigo, kwa sababu ya wingi wa matunda yake. Ni jina walilolitia wakulima. Baridi ya usiku katika kimo kile huufanya uchachu usipotee, na mavuno hukawia mpaka mwezi wa Oktoba. Sheria ya Italia iliyautambua mivinyo ya Etna kwa jina la mahali mwaka 1968. Ule uitwao Etna Bianco sharti uwe na Carricante si chini ya asilimia 60. Ule wa daraja la juu, Etna Bianco Superiore, asilimia 80, nao hutoka katika eneo la Milo peke yake.

Ladha yake ni ya ndimu na tofaa bichi, na mwisho wake kuna kitu kama chumvi ya ufuoni. Utamu haumo. Hapa nawaomba wanafunzi wa fasihi wasimame kidogo, maana uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea mno neno "tamu". Shairi zuri twaliita tamu, lugha nzuri twaiita tamu, na kazi isiyo na utamu twaona kama imepungukiwa. Uchachu tumeuachia maziwa yaliyoharibika na chakula kilicholala. Katika mvinyo huu uchachu una kazi ya mlinzi. Kwa nguvu ya uchachu huo mvinyo mzuri wa Carricante huweza kukaa miaka mingi chupani bila kufa, na wengine huwa bora baada ya miaka kadhaa kuliko ulipokuwa mchanga. Kile chumvi inachomfanyia dagaa, uchachu huufanyia mvinyo. Vitu hivi viwili ni ndugu kwa kazi, mbali ya kuwa majirani kwa mahali, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuviweka katika meza moja.

Wakulima wa Etna nao hawakuwa nje ya mizani ya 'Ntoni. Chini ya Milo, kando ya bahari, kuna bandari ya Riposto, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa mlango mkuu wa kusafirishia mivinyo ya mlima huo. Neno lenyewe kwa Kiitaliano lina maana ya kitu kilichowekwa akiba. Mwenye kuweka akiba hukaa bandarini. Mwenye kulima hukaa mlimani. Tukikumbuka hivyo hatutakosea kudhani kwamba chupa iliyo mbele yetu imetoka katika ulimwengu wa amani, na kwamba taabu zote zilibaki kwa wavuvi.

Kuhusu ladha, kanuni ni nyepesi. Chumvi hupunguza ukali wa uchachu mdomoni, na uchachu huukata uzito wa mafuta ya samaki, hata tonge la pili likawa na ladha kamili kama la kwanza. Mvinyo mwekundu mzito haufai hapa. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza sababu mojawapo ya jambo walilolijua wapishi tangu zamani: chuma kilichomo katika mvinyo mwekundu ndicho kinachozidisha ile harufu mbaya ya samaki inayobaki mdomoni. Chakula chenyewe na kiwe cha kimaskini. Tambi zichemshwe. Kitunguu saumu kipashwe moto katika mafuta ya zeituni, dagaa waliosuuzwa chumvi watiwe humo mpaka wayeyuke, na juu zinyunyizwe chenga za mkate mkavu zilizokaangwa zikawa nyekundu. Chenga hizo zilishika nafasi ya jibini katika nyumba zisizokuwa na uwezo wa jibini. Mvinyo upoe, lakini usiwe kama barafu. Nyuzi 10 hadi 12 zatosha.

Nashauri mlo uliwe kabla ya filamu, na nusu ya gilasi iachwe mezani mpaka mwisho. Filamu ina urefu wa karibu saa mbili na dakika arobaini, nayo haina haraka. Mtazamaji atakayerudia gilasi yake baada ya 'Ntoni kushika tena makasia katika mashua ya watu wengine ataukuta mvinyo umepoteza ubaridi, na yaliyofichwa na ubaridi yamedhihirika. Ataonja kwamba kungoja hubadili kitu, na kwamba yeye amengoja kwa raha. Sijui njia nyingine ya meza iwezayo kuifikisha hoja ya Visconti mpaka ulimini.

Ili tuone kwamba kipimo kinapima kweli, tukijaribu kwa filamu nyingine. Roberto Rossellini alitengeneza Stromboli, iliyotolewa mwaka 1950, katika kisiwa cha volkano kaskazini ya Sicilia. Humo pia mna wavuvi, mna mlima wa moto, mna samaki. Tendo la kuwavua na kuwaua jodari ni mojawapo ya sehemu zake zenye nguvu. Mchaguzi wa ramani angeweka meza yetu ile ile mbele yake bila kusita. Mimi nasema isingeoana. Katika Stromboli samaki wanatazamwa kwa macho ya mwanamke mgeni, naye anatishika. Swali la filamu ni roho yake mbele ya mlima na mbele ya Mungu. Bei ya samaki haimo katika swali hilo, wala muda wa kuwahifadhi. Dagaa wetu wangekaa kimya.

Kuna pingamizi kubwa la kujibu. Msomaji atasema: kula na kunywa mbele ya filamu ya njaa ni dharau. Pingamizi hili lina haki, na kijiji chenyewe kina kisa kinacholiunga mkono. Mbele ya Aci Trezza zimesimama jabali kubwa baharini ambazo mapokeo husema ndizo alizozitupa jitu Polifemo kuifuata merikebu ya Odiseo. Katika utenzi wa Homeri, jitu hilo lina zabibu za nchi yake, lakini Odiseo analipa mvinyo bora wa ugenini. Linaulewa, linalala, na likiamka limekwisha pofushwa. Basi mvinyo waweza kupofusha mahali pale pale tunapodai kwamba watufumbua macho. Na ndani ya filamu 'Ntoni aliyeshindwa hukimbilia ulevi, kinywaji cha mtu asiyekuwa tena na jambo la kungojea. Kwa hiyo sharti la kiasi ni sharti la uhakiki: gilasi moja, ya mvinyo usio mzito, na macho yaliyo wazi. Na kwa msomaji ambaye dini yake imemkataza mvinyo, hoja haimpiti. Pwani yetu yaijua ndimu iliyotiwa chumvi ikakaa juani mpaka ikaiva. Ndani yake umo uchachu, imo chumvi, na umo muda; achari hiyo pembeni ya dagaa itamwambia maneno yale yale.

Lakini jibu langu halisi kwa pingamizi lile linatoka katika kasoro ya filamu yenyewe. Mwanzoni kabisa filamu inaeleza kwamba Kiitaliano si lugha ya maskini katika Sicilia, na kwa ajili hiyo inawaacha wavuvi waseme kwa lahaja yao. Huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na sisi tulioona Kiunguja kikichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika miaka ya 1920, na lahaja nyingine zikibaki ufuoni, twaweza kuupima uzito wake. Hata hivyo watazamaji wa Italia wasingeielewa lahaja ile, basi ikawekwa sauti ya msimulizi asemaye Kiitaliano sanifu, akieleza juu ya vichwa vya wavuvi wanavyofikiri na wanavyoteseka. Naye amekuwa nani, ila mtu wa kati? Ayachukua maneno ya wavuvi ufuoni na kutuuzia sisi yakiwa yamepimwa kwa mizani yake. Filamu iliyoitupa mizani moja baharini imebaki na nyingine mkononi. Tunawaitaje wanunuzi wa jumla wa Aci Trezza kwa Kiswahili? Mwalimu Nyerere, alipotoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1969, hakuwaita wafanya biashara wa Venisi kwa jina la heshima, aliwaita mabepari. Kila mfasiri hupima, na kila msimulizi pia.

Mhakiki naye, anayekaa mezani na kuwaambia wengine nini kiende na nini, ni mtu wa kati vile vile. Hawezi kuikimbia nafasi hiyo kwa kula mkate mkavu mbele ya sinema. Awezalo ni kuweka mizani yake mahali ionekane: aseme amepima kitu gani, kwa kipimo gani, na nani amelipia. Ndiyo sababu nimechagua samaki ambaye ladha yake nzito ni miezi ya mtu, na mvinyo ambao uhai wake ni uchachu, mbele ya filamu ambayo watu wake walikuwa na samaki, walikuwa na chumvi, walikuwa na ustadi, wakakosa kitu kimoja tu, siku za kungoja. Mlaji anayesifu utamu peke yake amewapima dagaa kama walivyopimwa alfajiri ile ufuoni. Mlaji anayeuliza ni nani aliyengoja, na kwa faida ya nani, ameisoma filamu kabla taa hazijazimwa.